Adhabu za ujangili: ukali tunao, mbona wenye mzigo hawafungwi?

Mtoa mada, Buruburu

Wadau, hoja hii imefufuka tangu Mei 2025, mahakama ya JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ilipowatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au mwaka mmoja jela, kwa kujaribu kutorosha wadudu aina ya chungu nje ya nchi. Wawili kati yao ni vijana wa Ubelgiji wa miaka 19. Walikutwa na chungu wapatao 5,000 ndani ya vichupa zaidi ya 2,000 vilivyotiwa pamba ili wadudu wasife njiani. Wengi hapa mjini waliangua kicheko: mtu afungwe kwa ajili ya mdudu? Mimi sikucheka. Chungu hao huvuna mbegu na kuzisambaza nyikani, na ng'ambo wapo wanunuzi wanaowalipia pesa nzuri. Mtu hakusanyi vichupa 2,000 kwa bahati mbaya.

Swali langu ni hili: adhabu za makosa ya wanyamapori ziongezwe, zipunguzwe, au ziachwe zilivyo? Msimamo wangu nautoa mapema. Ziachwe. Sheria ya Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliweka wakati huo faini isiyopungua milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini, ndovu na kifaru wakiwemo. Mwezi huohuo raia mmoja wa China aliyekamatwa uwanja wa ndege na pembe ya ndovu ya kilo 3.4 akatozwa milioni 20 au miaka saba jela. Kabla ya hapo hali ilikuwa aibu tupu. Shirika la uhifadhi la WildlifeDirect walipekua mafaili ya korti ya 2008 hadi katikati ya 2013 wakakuta ni asilimia 4 tu ya waliopatikana na hatia waliokwenda jela. Kwa hiyo ukali tunao. Ninachouliza ni nani unaomfikia.

Mwalimu, Kayole

Mimi nasema ziongezwe, tena sana. Mwaka 2018 Najib Balala, aliyekuwa Waziri wa Utalii, alipotaka majangili wanyongwe, nilimuunga mkono, na leo bado namuunga. Mwanzoni mwa miaka ya 70 tulikuwa na ndovu wapatao 167,000. Kufika 1989 walibaki 16,000 hivi. Sensa ya 2021 ilihesabu 36,280, yaani miaka 30 na zaidi ya jasho, na bado hatujafika hata robo ya tulichokuwa nacho. Ndovu hubeba mimba miezi 22 na huzaa ndama mmoja. Na askari wa wanyamapori wanaopigwa risasi msituni, hao nani anawalilia? Tulichoma tani 105 za pembe pale Nairobi National Park Aprili 2016, dunia nzima ikaona. Moto ule usipokuwa na kamba nyuma yake ni maonyesho tu.

Wakili, Milimani

Mwalimu, uchungu wako naukubali, ila kamba haitakusaidia. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilisema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba.

Nikuonyeshe kesi zinapofia. Gunia lenye vipande vya pembe linatolewa kwenye buti ya gari usiku. Lipimwe uzito, kila kipande kipewe alama, iandikwe nani alikitoa, nani alikipokea, kililala stoo gani. Kisha mtaalamu athibitishe ni pembe ya ndovu kweli. Mtuhumiwa anayekabiliwa na kifungo kirefu huajiri wakili anayesoma karatasi hizo mstari kwa mstari. Orodha ya kituoni ikisema vipande 11 na ya kortini ikisema 10, tayari ana rufaa. Kesi kubwa ya Mombasa, ya zaidi ya tani mbili zilizonaswa 2014, ilimpa mshtakiwa miaka 20 mwaka 2016. Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia, ushahidi ukiwa na kasoro. Hapo ukali wa adhabu ulikuwa na faida gani?

Binti wa mfugaji, Kitengela

Nyote mnaongea kama watu ambao simba hajawahi kuingia bomani kwao. Upande wa kusini mbuga ya Nairobi haina ua, na sisi ndio majirani. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki huku kwetu baada ya kuvamia mifugo. Sisemi ilikuwa haki. Nasema watu walikuwa wamechoka kupiga simu. Sheria hiyohiyo ya 2013 inaahidi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini familia zimekaa na fomu miaka na mikaka. Serikali inayofika upesi ukiua simba na kuchelewa simba akikuua itaheshimiwaje? Wazee wetu ndio huwa wa kwanza kujua mgeni aliyekuja na mtego. Wakiona wanadharauliwa, hawatasema.

Mtoa mada, Buruburu

Dadangu, umenigusa, na naona umeziba pengo la hoja yangu. Kesi ya pembe huanza na mtu aliyesema alichokiona. Asiposema, afande hana la kupima wala hakimu hana la kusoma.

Mwalimu, sikubaliani nawe hata chembe kuhusu kunyonga. Atakayenyongwa ni kijana wa kijijini aliyelipwa pesa kidogo abebe gunia. Mwenye gunia hata jina lake hatutalijua.

Mwalimu, Kayole

Basi huyo kijana amtaje bosi wake, apunguziwe. Hilo nalikubali. Asipomtaja, akae ndani.

Wakili, Milimani

Makubaliano ya kukiri kosa yapo tayari kisheria, Mwalimu. Yatumike kwa wabebaji wanaotaja wafadhili, na akaunti za benki zifuatwe tangu siku ya kwanza badala ya kungoja hukumu. Nami naongeza moja: kila mwaka Wakenya waambiwe ni kesi ngapi zilifunguliwa, ngapi zilianguka na kwa nini, na ngapi zilimfikia mwenye mzigo.

Binti wa mfugaji, Kitengela

Na fidia ngapi zililipwa. Iandikwe kwenye ukurasa huohuo.