Mteja kila wiki ana nyongeza, sasa anataka tubadilishe paa. Nifanyeje?

Fundi wa Kibaha
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wazoefu wa ujenzi, na hata wateja mliojenga karibuni semeni neno.

Nina kazi ya nyumba ya vyumba vitatu huku Kibaha. Ni ufundi tu, vifaa analeta mteja. Tulikubaliana milioni saba na nusu kuanzia msingi mpaka kupaua, analipa kwa hatua. Karatasi tumesaini, imeandikwa "ujenzi wa nyumba kwa mujibu wa ramani", basi.

Msingi ulikwenda vizuri. Tulipoanza kupandisha kuta ndipo mambo yakaanza. Baraza likaongezwa mita moja na nusu. Stoo ya jikoni ikageuka choo cha wageni. Dirisha la sebuleni tulishalifikisha usawa wa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, akataka liwe mlango wa kutokea uani, tukabomoa. Kila mara ananiambia, "Fundi, hiyo ndogo tu, tutaongea." Lenta tumeshamwaga, na juzi kanitumia picha ya nyumba yenye paa la kujificha, lile ambalo ukuta unapanda juu na kuficha bati. Anataka hivyo badala ya paa la mgongo lililo kwenye ramani. Nikamwambia bei itabadilika, akanijibu, "Si ulikubali kunijengea mpaka paa? Paa ni paa."

Vijana wangu wanataka hela yao. Sitaki ugomvi na huyu mzee, ni mtu mwema na kashaniunganisha na jirani yake. Nimalize tu? Niondoke saiti? Na zile za nyuma nazidaije?

Kwetu Muheza
Malizia kazi mkuu. Mteja akiridhika anakuletea wengine. Hasara ya leo ni faida ya kesho.

Nondo Kumi na Mbili
Sikubaliani. Hao wengine watakuja wameshaambiwa kwamba huyu fundi nyongeza halipishi. Vijana wanakula leo.

Mkadiriaji
Mkuu, mimi kazi yangu ni kukadiria majengo, nitakujibu kwa urefu kidogo.

Kwanza, usiondoke saiti. Ukiondoka, mkataba umeuvunja wewe. Simamisha kitu kimoja tu, paa. Yaliyobaki kwenye ramani ya awali endelea nayo.

Pili, tenganisha madai yako. Baraza ni kazi ileile imeongezeka kipimo: unahesabu mita na tofali, unapata bei. Dirisha kuwa mlango ni kubomoa na kujenga upya, na hapo unadai mara mbili kwa haki kabisa. Choo ndicho watu wengi hawakioni. Mteja anaona kuta zilezile za stoo, lakini chini kuna bomba la inchi 4 la maji machafu, lazima liwe na mteremko, litokee kwenye chemba, chemba iende shimoni. Kama jamvi, yaani sakafu ya zege, lilishamwagwa, unakata zege. Kazi hiyo haikuwepo kabisa ulipotaja bei.

Paa sasa. Hilo usiliite nyongeza hata kidogo, hiyo ni ramani mpya. Paa la kujificha linataka kozi za tofali kuzunguka nyumba nzima juu ya lenta, nguzo na mkanda wa zege ukuta usiyumbe, plasta ndani na nje, kenchi za mteremko mdogo, gata la ndani na bati la kuziba maungio. Likikosewa, maji yanakaa ndani yanatafuta dari. Tena huo uzito wote unashuka kwenye msingi uliopigiwa hesabu ya paa jingine. Aliyechora ramani aulizwe kwanza. Na kibali cha ujenzi cha halmashauri kilitolewa kwa mchoro ule, kwa hiyo mchoro mpya urudishwe huko.

Wenye miradi mikubwa walishaliwekea hili utaratibu. Mkataba wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, wa mwaka 1999, ule wa jalada jekundu, kifungu cha 13, unamkataza mkandarasi kubadilisha kitu bila agizo au idhini ya mhandisi. Na mhandisi akitaka pendekezo kabla ya kuagiza, mkandarasi anaeleza kazi yenyewe, muda utakavyoathirika, na bei. Wewe huhitaji mkataba mnene vile, chukua hayo matatu tu: kazi gani, siku ngapi, shilingi ngapi. Asaini kabla kijana hajashika mwiko.

Niko Muscat
Mimi nimejenga Tanga nikiwa huku, kwa hiyo naongea kama mteja. Nilikuwa natuma sauti za WhatsApp usiku, "ongezeni hiki, sogezeni kile", na fundi anajibu "sawa bosi". Nikiambiwa sawa, mimi naelewa imo kwenye bei. Fundi wangu wa pili alikuwa ananijibu kwa bei na siku, na nyongeza nyingi nilizifuta mwenyewe. Nikamheshimu zaidi.

Ila mkuu, ukiandika hesabu, weka na vilivyopungua. Fremu ya dirisha lile haitafungwa tena, toa ufundi wake. Mteja akiona umemtolea kitu, anaamini na ulichoongeza.

Kozi ya Tisa
Hili la paa limeshawatesa wakubwa. Jumba la opera la Sydney, Australia, ujenzi ulianza 1959 michoro ya paa haijakamilika, maana serikali ilitaka kazi ianze haraka. Mchoro wa paa ulipopatikana, nguzo zilizokwisha kujengwa hazikuweza kulibeba paa hilo, zikajengwa upya. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia, likaisha kwa milioni 102, na badala ya 1963 likafunguliwa 1973. Msikilize Mkadiriaji, usianze paa kabla ya mchoro.

Fundi wa Kibaha
Nashukuruni sana wakuu. Paa nimeelewa. Ila zile za nyuma hakuna karatasi, ni maneno ya mdomo na meseji zake mbili tatu.

Mkadiriaji
Meseji ni ushahidi, zihifadhi. Nenda saiti na futi kamba, mpime naye pamoja, ashike upande mmoja wa kamba mwenyewe. Picha za ukuta kabla na baada kama unazo, zichapishe. Usidai kwa hasira wala usiombe kama msaada. Mtumie hivi kabla hamjakutana:

"Shikamoo mzee. Ramani tuliyosaini ina baraza la vipimo kadhaa, stoo, na dirisha la sebuleni. Kwa maelekezo yako tumejenga baraza kubwa zaidi, choo, na mlango. Naomba Jumamosi tupime pamoja, nikuandikie kilichoongezeka na kilichopungua. Paa la picha uliyonitumia naomba tupate mchoro kwanza, ndipo nikupe bei na siku. Mpaka hapo naendelea na kazi za ndani zilizo kwenye ramani."

Akikubali kupima, nusu ya deni umeshalipata. Akikataa, rudi hapa na hizo meseji tuzitazame.