Msumeno wa maita wa bandani nyumbani: inchi 10 au 12? Na hii yenye plagi ya njano niichukue?

chake_mbao
Assalaam alaykum jamani. Mimi nipo Chake, Pemba, useremala si kazi yangu ya kula, asubuhi niko ofisini lakini jioni na Jumapili nnajifungia bandani nyuma ya nyumba nnachonga vitanda vya watoto, rafu, meza, na sasa hivi ndugu yangu anamalizia nyumba Vitongoji kaniomba nimfanyie fremu za milango ya ndani pamoja na akitrevu zake, zile fito za kuziba pengo la fremu na ukuta. Kukata nnatumia msumeno wa mkono, na nikiwa na haraka nnatia bledi ya kukatia mbao kwenye grenda ndogo. Tatizo ni kona. Mikato miwili ya digrii 45 ikikutana lazima pawe na uwazi, mara kwa ndani mara kwa nje, nshachoka kuziba kwa gundi na vumbi la mbao.

Sasa nnataka maita so, ile mashine ya umeme inayoteremka na kukata mbao kwa digrii unayoitaka. Nimeona moja ya mtumba Unguja, imeshuka na kontena la Uingereza, inchi 10, jina kubwa, bei nusu ya mpya. Plagi yake ya njano ya duara ina pini nene, muuzaji kanambia ikate tu utie ya kawaida kazi iendelee. Niichukue? Na inchi 10 inatosha au nitafute 12, na zile zenye reli za kuvuta mbele na nyuma zina faida kweli au mbwembwe? Banda langu dogo, na umeme wetu jioni hushuka mpaka feni inaona uvivu kuzunguka.

fundi_chuini
Wa alaykumu salaam. Yakhe hiyo plagi USIIKATE, wala hela usitoe kwanza.

Njano kwa Waingereza ni volti 110. Ndio wanazotumia kwenye saiti za ujenzi kule kupitia transfoma, ili mtu akikanyaga waya uliochunika apone. Sisi ukutani ni 230. Ukitia plagi ya kwetu mashine itawaka, tena kwa kishindo na wewe utafurahi kuwa ina nguvu, halafu utasikia harufu na moshi unatoka kwenye matundu ya mota, ndio kwaheri. Buluu ya duara ni 230, na ya pini tatu bapa kama hizi zetu ni 230 pia. Lakini usitizame plagi peke yake maana watu hubadilisha, tizama kibati ubavuni mwa mota pameandikwa V ngapi na W ngapi. Kuna zinazotoka Marekani ni 120 na za Japani ni 100, kontena ni kontena.

Muuzaji atakwambia nunua transfoma ya kushusha volti. Ipo, lakini kwa mota ya wati 1600 unataka la kVA 3 hivi, dude zito la kukata mgongo, jumlisha bei yake na kulivusha kwa boti mpaka Pemba kisha hesabu tena hiyo nusu bei.

wete_kwetu
Kwani kazi ya jioni jioni inahitaji mashine? Kile kisanduku cha mbao chenye mikato ya 45 na msumeno wa meno madogo kimetosha miaka yote. Tununue vitabu vya watoto.

alminiamu_mlandege
😂 wete_kwetu akitrevu za nyumba nzima kwa kisanduku, bega litakwambia.

Naingia kwenye saizi maana sisi wa madirisha hii mashine tunashinda nayo kutwa. Inchi 10 isiyo na reli inakata mbao ya upana kama inchi 5 ukikata 90, ukiigeuza 45 inabaki kama 3 na nusu. Inchi 12 bila reli inafika karibu 8, kwenye 45 inabaki kama 5 na nusu. Inchi 10 yenye reli inafika kama 12 na kwenye 45 bado una 8. Kwa hiyo kaka kama fremu zako ni mbao za inchi 6 kwa 2, hiyo 10 kavu, yaani isiyo na reli, haikufai, utakata nusu ugeuze mbao umalizie upande wa pili, na pale katikati patabaki kijingazi. Lakini fremu yenyewe si unaiunga kwa ulimi na tundu, mikato yote ni 90, kwa hiyo 12 kavu inaimaliza vizuri, 45 unaitaka kwenye akitrevu tu na zile nyembamba. Mimi ningekuwa wewe ningechukua 12 kavu. Yenye reli ni nzuri ila zile reli zinatoka nyuma kiasi futi nzima, ukiisogeza ukutani haivuti, na banda lako umesema dogo. Tena reli za bei rahisi zina mchezo, unakata 90 mbele na kule nyuma imekwenda nywele moja pembeni. Hakikisha unaishika mpini na kuitikisa kushoto kulia kabla hujatoa hela.

Halafu watu wanababaika na jina la mashine wanasahau bledi. Inayokuja nayo kiwandani mara nyingi ni meno 24 au 40, ya kukatia haraka, kona inatoka na manyoya. Nunua ya mbao ya meno 60 au 80, na kwa 12 hata 96, na uombe ile ambayo meno yameegemea nyuma, kwenye bledi wameandika digrii zenye alama ya kutoa, -5 hivi. Hiyo hailivuti gogo kwa pupa. Na upime tundu la kati!! Mashine za Ulaya nyingi ni mm 30, za Asia nyingi ni mm 25.4, za Marekani inchi 12 ni inchi moja lakini kuna za inchi tano ya nane kwenye 10. Tundu kubwa unatia ringi ya kupunguza, tundu dogo huna la kufanya, na wapo wanaolipanua kwa tupa, msiwaige, bledi haikai katikati tena.

mzee_wa_randa
Chake_mbao mwanangu, kabla ya maita, hiyo bledi ya mbao itoe kwenye grenda leo hii. Grenda ndogo inazunguka raundi 11,000 kwa dakika, maita haifiki hata 6,000, na bledi imeandikwa mwisho wake. Tena grenda huna pa kuiegemeza, jino likidaka uzi wa mbao inakurukia wewe. Mimi nnamjua mtu aliyekatwa paja na hali anajua kazi kuliko sisi sote humu. Na kinyume chake vilevile, diski ya kukatia chuma msiitie kwenye maita ya mbao, cheche zinakwenda kwenye vumbi lililojaa nyuma ya mashine.

Sasa hizo kona. Umesema mara zinafunguka ndani mara nje, nadhani si mkono wako peke yake. Mbao hunenepa na kukonda kwa upana, kwa urefu haibadiliki kitu. Ukikata 45 mbao ikiwa mbichi, ikikauka upana unapungua lakini urefu uko pale pale, digrii yenyewe inaharibika na kona inafumbuka kwa NDANI, ncha ya nje bado imegusa. Na ukikata mbao kavu wakati wa kaskazi, jua kali, kisha ikanyonya unyevu wa masika, inafumbuka kwa NJE. Tizama kazi zako za zamani, zitakwambia zenyewe. Paini na saiprasi zinazovuka kutoka Bara nyingi huku zinauzwa zikiwa bado nzito kwa maji. Zipange ndani na vijiti katikati, upepo upite, uziache wiki kadhaa, na chumba kisiwe kinavuja. Hiyo haina mashine ya kukusaidia.

Mvule una vijiwe ndani, unaula bledi. Mnazi nao vilevile, kigogo kile kina ugumu wa nje si wa kawaida. Usinunue bledi ya thamani ukaanza nayo hapo.

ummu_raudha
Mimi nnatengeneza fremu za aya na za picha za harusi, maita yangu ni inchi 8 na nusu tu ndogo, nimeiweka kwenye ukumbi wa nyuma. Kubwa sikuhitaji. Lakini mashine mpya kutoka kwenye boksi usiiamini, hata kama namba zinaonesha 0 na 45 barabara.

Chomoa waya kwanza, hili si la kujadili. Teremsha bledi ifunge chini, chukua skwea (kile kipimo cha pembe ya 90) unayoiamini uilaze kwenye ule ukuta wa nyuma ambao mbao inaegemea, upande mwengine uguse BAMBA la bledi si meno, meno yametokeza yatakudanganya. Ukiona mwanga unapita, legeza boliti za ukuta kwa ile spana ya L, sogeza, kaza kidogo kidogo huku unatizama, ukikaza moja mpaka mwisho peke yake inahama tena. Kisha simamisha skwea wima juu ya meza uangalie kama bledi imesimama au imelala, hiyo ina skrubu yake kwenye shingo.

Halafu skwea yenyewe pia inaweza kuwa mbovu, kwa hiyo kata ubao mpana wenye kingo mbili zilizorandwa sambamba, kipande kimoja kipindue juu chini, viunganishe pale pale palipokatwa huku vyote viwili vimeegemea kitu kilichonyooka. Vikikutana bila mwanga uko sawa. Uwazi ukiuona, kosa lako ni nusu ya huo uwazi, kwa sababu kosa limejidhihirisha mara mbili.

Na jambo ambalo watu wa kona hawalisemi: hata 45 iwe ya Mungu, kama pande mbili zinazotazamana zinapishana urefu hata unene wa kadi ya simu, kona ya nne haifungi. Fungia kipande cha mbao kwenye meza kwa klampu kiwe kigezo, pande zote mbili zikatwe hapo hapo bila kupima kwa futi tena. Chini ya kigezo acha uwazi mdogo vumbi lipite, likijazana hapo ndio unapata tofauti usiyoielewa. Na kipande kinachobaki kati ya bledi na kigezo ndicho kishikwe kimefungwa, kile cha upande wa pili kiwe huru, usije ukavibana vyote viwili, bledi inakwama na kurusha.

wete_kwetu kisanduku mimi bado nnacho, kwa vile vijifito vyembamba sana nnakitumia hicho hicho.

chake_mbao
Shukrani sana wote, Allah awalipe. Nimepiga simu, nimemuomba muuzaji anisomee kibati kasema 110 kweli, nimemwambia abaki nayo. Nnatafuta 12 kavu ya 230. Sasa lile la umeme kushuka hakuna aliyelijibu, mota haitakufa? Na nikitoa waya kutoka nyumbani mpaka bandani ni mita kama 20.

fundi_chuini
Hapo kwenye mita 20 ndipo penye mtihani wako kuliko kitu chengine. Mashine ya wati 1600 inavuta kama ampea 7, inapoanza kuwaka inavuta mara kadhaa ya hizo, ndio taa zinapopepesa. Ukitumia ile ekstensheni nyembamba ya televisheni volti zinapotea njiani, mota inazunguka kivivu, wewe unasukuma zaidi, inazidi kupata moto. Vuta waya wa milimita mraba 2.5 mpaka bandani, uwe na saketi breka yake na ethi inayofanya kazi, usiunganishe na soketi ya friji. Kama unatumia ekstensheni ya kuviringisha ifungue YOTE, ikibaki imejiviringisha inapika yenyewe.

Jioni umeme ukiwa umelala usikate mbao nene, weka kazi hizo asubuhi ya Jumapili. Na jenereta zile ndogo za kubeba kwa mkono hazianzishi hii mashine, zitanguruma tu. Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, usiogope, maita inakula umeme sekunde chache kila mkato, si pasi hiyo.

mzee_wa_randa
Na kukata kwenyewe: iache ifike mwendo wake kamili ndipo uteremshe, ukimaliza achia swichi usubiri isimame ikiwa bado CHINI, kisha ndio uinyanyue. Wengi hunyanyua inazunguka, kile kipande kidogo kinaruka usoni. Mkono uwe mbali na bledi kiasi cha shubiri. Glavu usivae, miwani vaa. Mbao iliyopinda, mgongo wa upinde ndio uguse ukuta, ukiweka kinyume itabana bledi. Kuchana kwa urefu kwenye maita hakuna, tumia mashine ya kuchania.

Kisha vumbi la mvule linawasha kifua, funga pua kwa barakoa ya kweli, na kama jiko la nyumbani linaelekea bandani umwambie mama watoto mapema.

alminiamu_mlandege
Nyongeza kutoka pwani: meza ni ya alminiamu haiingii kutu lakini skrubu, springi ya kava na ule mhimili unaogeuzia digrii vinaingia, chumvi hii ya huku haina huruma. Ukimaliza puliza vumbi maana vumbi ndilo linalobeba unyevu, pangusa kwa kitambaa chenye oili kidogo, meza yenyewe usiipake itachafua mbao.

Ukienda kuichukua mwambie muuzaji aiwashe mbele yako bila mbao. Isikilize ikiwa inapungua mwendo, bearing mbovu inalia hapo si inapokuwa kasi. Ukiachia swichi bledi isimame kwa sekunde chache, na cheche za buluu kwenye matundu ya mota zikiwa nyingi ujue makaa (brashi za mota) yamekwisha, hayo si ghali, mkate bei kisha umuulize kama anayo ya akiba.

chake_mbao
Ipo moja Mwanakwerekwe, 12, kibati 230, wati 1650, tundu 30. Nnamtuma shemeji kesho aiwashe, ntamsomea haya yenu kwenye simu akiwa dukani.

ummu_raudha
Mpe na skwea aende nayo.