Tupeane uzoefu: Kupunguza kilo 30 na zaidi bila kujiumiza

#1

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa uzito mwingi, kilo 20, 30, hata 50. Kilo tatu za kuingia kwenye nguo ya zamani tuziachie wengine. Mwenye ujuzi aweke vipimo: gramu ngapi, dakika ngapi, wiki ngapi, kipi huharibika na kwa nini. Masimulizi ya "nilikuwa hivi nikawa vile" tuyaweke kando, hayamsaidii mtu atakayepanda mizani kesho asubuhi.

Naanza na hesabu, maana bila hesabu mtu hujinyima kwa kubahatisha. Kanuni inayotumika sana kukadiria kalori ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika ni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990. Chukua uzito kwa kilo, zidisha kwa 10. Ongeza urefu kwa sentimita mara 6.25. Toa umri mara 5. Mwanaume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161.

Mfano: mwanamke wa kilo 110, urefu sentimita 165, umri miaka 40. Ni 1,100 + 1,031 − 200 − 161, yaani kalori 1,770. Hizo ndizo mwili wake unazotumia kwa siku hata akilala kutwa nzima. Kama kazi yake ni ya kukaa, zidisha kwa 1.3, unapata kama 2,300. Toa 550, unabaki na 1,750. Hapo ndipo pa kuanzia.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori 7,700 hivi. Ukipunguza 550 kila siku ni nusu kilo kwa wiki. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa mwendo wa nusu kilo, kilo 30 ni kazi ya zaidi ya mwaka. Anayekuahidi miezi miwili ana kitu cha kukuuzia.

#2

Niongeze la mizani, maana ndiyo inayowatoa wengi njiani.

Wiki ya kwanza mizani hudanganya. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa jina la glaikojeni, na kila gramu moja yake hushika gramu kama tatu za maji. Ukipunguza chakula, akiba hiyo inatumika na maji yake yanatoka. Kilo mbili au tatu zinaondoka ndani ya siku saba, mtu anashangilia. Wiki ya tatu inashuka robo kilo, anadhani dayati imegoma, anakata chakula nusu. Haikugoma. Maji yameisha, sasa ndiyo mafuta yanatoka, na mafuta hayatoki kwa haraka.

Jipime asubuhi, umeshaenda chooni, hujala wala kunywa, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu (juu ya zulia husoma vibaya). Andika kila siku, ila usihukumu kwa siku moja. Piga wastani wa siku saba, ulinganishe na wastani wa wiki iliyopita. Chumvi nyingi ya jana, siku za kukaribia hedhi, au mazoezi mapya yaliyoacha misuli inauma, kila kimojawapo kinaweza kushikilia kilo moja au mbili za maji.

Mizani nyingi za nyumbani huishia kilo 150 au 180. Ukiwa juu ya hapo, tumia ya kliniki, kisha nyumbani tumia utepe wa fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na juu ya nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Kiuno kikishuka hadi chini ya nusu ya kimo chako, umefika pazuri.

#3

Kabla ya kupunguza hata kijiko kimoja, anayetumia dawa amwone daktari wake. Hapa ndipo watu huanguka kweli kweli.

Insulini na vidonge vya kisukari kama glibenklamidi na gliklazidi hushusha sukari hata usipokula. Ukipunguza chakula, dozi ikabaki ile ile, sukari inashuka kupita kiasi: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ikiwa chini ya 3.9 kwenye kipimo cha milimoli, kunywa gramu 15 za sukari, yaani vijiko vinne vya chai kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Asiyeweza kumeza vizuri asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Metformini, nayo ni ya kisukari, ikitumika peke yake si rahisi kushusha sukari hivyo. Dapagliflozini na empagliflozini, dawa nyingine za kisukari, zina hatari nyingine: ukikata wanga kabisa huku unazitumia, damu inaweza kujaa asidi hata kama sukari haionekani kuwa juu.

Dawa za presha: uzito ukishuka, presha nayo hushuka, na dozi ya zamani inakuwa kubwa. Dalili yake ni kizunguzungu ukisimama ghafla. Usiache dawa mwenyewe. Peleka vipimo vya wiki mbili kwa daktari apunguze yeye.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiruke kutoka kutokula mboga za majani hadi sahani nzima kila siku. Vitamini K iliyo kwenye majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Kiasi kiwe kile kile kila wiki, na kipimo cha damu kifuatiliwe.

Akina dada: uzito ukipungua, yai linaweza kuanza kutoka tena kwa mtu aliyekuwa na hedhi ya kuruka ruka. Usiyepanga mtoto, panga kinga mapema. Mjamzito, mtoto, mgonjwa wa figo na yeyote aliyewahi kuwa na tatizo la kujinyima au kujitapisha, uzi huu usiwe mwongozo wenu. Mnahitaji mtu wa kuwasimamia.

#4

Sahani sasa. Protini kwanza: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Anayelenga kilo 75 anahitaji gramu 90 hadi 120 kwa siku. Yai moja lina 6 hivi, gramu 100 za kuku asiye na ngozi aliyeiva 30, samaki aliyeiva 20 hadi 25, kikombe cha maharagwe yaliyoiva 15, glasi ya maziwa 8. Igawe kwenye milo yote. Mtu hula wanga asubuhi na mchana, nyama yote usiku, kisha analalamika njaa ya saa kumi jioni.

Nusu ya sahani iwe mboga, robo protini, robo wanga. Sahani yenyewe isiwe sinia, jamani.

Makosa makubwa yako kwenye mafuta ya kupikia. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, ya wanga au protini ni 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120. Ukimimina kwa macho, vijiko vinne vinaingia sufuriani hujui, na hiyo ni karibu ile 550 yote uliyopanga kupunguza. Pima kwa kijiko, daima. Na mafuta "mazuri" yana kalori zile zile.

Kosa la pili ni kupima mchele mkavu na kusoma kalori za wali, au kinyume chake. Gramu 100 za mchele mkavu ni kalori 350 na kitu. Gramu 100 za wali ni kama 130, kwa sababu mchele umenywa maji. Chagua njia moja ubaki nayo.

Vinywaji: soda ya mililita 330 ina sukari gramu 35 hivi, kalori 140. Juisi ya matunda haiko mbali na hapo hata usipoongeza sukari. Kula tunda lenyewe.

#5

Swali kwa wataalamu. Kwa nini mtu asikate moja kwa moja hadi kalori 800 au chini, amalize kazi miezi mitatu? Njaa anaivumilia tu.

#6

#5, njaa ndiyo ndogo kuliko yote.

Kwanza, mfuko wa nyongo. Ukipungua haraka, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo, na kwa kuwa hakuna mafuta ya kutosha kwenye chakula, mfuko haujikamui. Nyongo inatuama, inagandana kuwa vijiwe. Hatari hupanda kwa wanaopoteza zaidi ya kilo 1.5 kwa wiki. Ndiyo maana usikate mafuta yote: angalau mlo mmoja kwa siku uwe na gramu 7 hadi 10 ili mfuko ujikamue. Maumivu makali chini ya mbavu za kulia yanayodumu masaa, au macho kuwa ya njano, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Pili, misuli. Mwili wenye uhaba mkubwa unajila. Unapoteza kilo zako 25, lakini sehemu isiyo ndogo ya hizo ni msuli, na mtu mwenye msuli mdogo anachoma kalori chache. Akirudi kula kawaida, kinachorudi ni mafuta.

Tatu, nywele. Zinaanza kutoka miezi miwili hadi mitatu baada ya njaa yenyewe, kwa hiyo watu hulaumu sabuni. Huwa zinarudi chakula kikitengemaa, ila pima damu kuona kama madini ya chuma yapo.

Kuna watakaokutajia Angus Barbieri wa Scotland, aliyekaa siku 382 bila chakula mwaka 1965 na 1966, akatoka kilo 207 hadi 82. Ni kweli. Wasichosema ni kwamba alikuwa chini ya hospitali ya Dundee, akipimwa damu na kupewa vitamini na madini. Dayati za chini ya kalori 800 zipo hadi leo, ila ni tiba yenye daktari, vipimo na muda maalumu.

#7

Mazoezi. Nianze kwa kuvunja ndoto: mtu wa kilo 100 akitembea kilomita tatu anachoma kalori 150 hadi 200 juu ya zile za kukaa. Soda moja na nusu imezifuta. Uzito hupunguzwa jikoni. Mazoezi yanalinda misuli, moyo na usingizi, na baadaye ndiyo yanayozuia kilo kurudi.

Mtu mzito asianze kwa kukimbia. Kila kilo moja unayopunguza inaondoa kama kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua, kwa hiyo subiri zipungue kwanza. Wiki mbili za mwanzo: dakika 10 asubuhi, 10 jioni, njia tambarare. Ongeza dakika 5 kwa wiki hadi ufike 30 au 45, siku tano. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Maumivu ya goti yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya kutembea, au likiamka limevimba, punguza theluthi moja. Baiskeli au kutembea ndani ya maji hadi kifuani ni njia ya kuokoa magoti.

Mapaja yanayosuguana: paka mafuta mazito ya mgando kabla ya kutoka, vaa kaptura ndefu ya kubana. Jambo dogo, lakini wengi huacha mazoezi kwa sababu ya mchubuko na wanaona aibu kusema.

Maumivu makali ya kisigino hatua za kwanza asubuhi maana yake umeongeza haraka mno au raba zimekufa. Nyoosha shavu la mguu sekunde 30, mara tatu, kila upande.

#8

#7 umesahau uzito wa kunyanyua, na ndio unaolinda misuli kuliko kutembea. Siku mbili au tatu kwa wiki, zisifuatane.

Kaa kwenye kiti imara na usimame bila kushika kitu. Pushapu za ukutani, miguu hatua moja nyuma. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga. Vuta mpira mrefu wa mazoezi unaonyumbuka kama kamba kuelekea tumboni. Kila moja mara 8 hadi 12, raundi tatu, pumzika dakika moja na nusu. Ukimaliza 12 kwenye raundi zote na bado una nguvu, ongeza kilo moja au mbili: chupa ya lita moja na nusu ya maji ni kilo 1.5 tayari. Toa pumzi unaposukuma. Kubana pumzi hupandisha presha ghafla.

Kifua kubana, kuzimia au moyo kuruka ruka, simama hapo hapo, nenda hospitali.

#9

Kukwama: si kukwama mpaka wastani wa wiki usimame kwa wiki tatu hadi nne, na kiuno pia kisimame. Hali hiyo ikitokea, rudi kupima chakula kwa siku saba kama mwanzo. Mara nyingi kijiko kimekuwa cha kilima, na kuonja onja wakati wa kupika hakuandikwi. Kisha rudia hesabu ya #1 kwa uzito wa sasa. Aliyetoka 110 hadi 90, kanuni inamwondolea kama kalori 260, na mwili wenyewe hubana zaidi ya hapo.

Kama umeshuka miezi minne mfululizo na umechoka, kula kiasi cha kubaki palepale kwa wiki mbili, kisha endelea. Utapanda kilo moja ya maji. Usishtuke.

#10

Ngozi iliyolegea je?

#11

Hakuna krimu inayoiondoa. Inategemea umri, sigara, na ulikaa na uzito huo miaka mingapi. Msuli ukijaa chini yake, mikono na mapaja huonekana afadhali. Tumbo kidogo sana. Kausha mikunjo vizuri baada ya kuoga, maana fangasi hupenda hapo. Upasuaji upo, ila wapasuaji hutaka uzito uwe umetulia miezi sita hadi kumi na miwili kwanza.

Na baada ya kufika: usirudi kwenye chakula cha zamani. Ongeza kalori 100 kwa siku, kaa wiki mbili, tazama wastani, ongeza tena hadi mizani itulie. Marekani kuna daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa mwaka au zaidi bila kuzirudisha, lilianzishwa 1994. Wengi wao hujipima angalau mara moja kwa wiki na hufanya mazoezi ya kama saa moja kwa siku. Weka mstari wako: kilo mbili juu ya uzito wa kutulia. Wastani wa wiki ukiuvuka, unarudi kwenye kijiko cha kupimia mafuta asubuhi hiyo hiyo, bila kusubiri Jumatatu.