Naogopa kwamba kujikubali ni kubweteka: waliopitia tiba, nishaurini

Mleta mada:
Ndugu zangu, nahudhuria vikao vya ushauri nasaha kwa sababu kila ninaposikia kwamba mtu wa rika langu amepandishwa cheo au amefunga ndoa, hata sijamaliza kumpongeza huwa nimeshaanza kujihesabia niliyoyakosa. Nimekuzwa kwa kauli ya "mwenzako ameweza, wewe una nini?", na siku hizi najiambia mwenyewe bila kusubiri mtu aniambie. Mshauri ananihimiza nijikubali. Je, nikijikubali sitabweteka, ikiwa ni aibu hiyohiyo iliyonisukuma kusoma na kufanya kazi?

Mchangiaji wa kwanza:
Pole, ndugu. Usitarajie tiba ikuondolee kabisa tabia ya kujilinganisha. Mwanasaikolojia Leon Festinger alieleza mwaka 1954 kwamba binadamu anapokosa kipimo cha wazi cha uwezo wake hujipima kwa wenzake, hasa wanaofanana naye, ndiyo maana cheo cha uliyesoma naye kinakuchoma kuliko utajiri wa mtu usiyemjua. Mwanasaikolojia mwingine, Albert Ellis, aliyeanzisha tiba yake ya kurekebisha fikra katika miaka ya 1950, alisisitiza kwamba tendo hupimwa, lakini mtu mwenyewe kwa ujumla wake hapimiki: unaweza kukiri kwamba barua yako ya maombi ya kazi ilikuwa dhaifu, ukaiandika upya, bila kuongeza kwamba wewe si kitu. Huko si kubweteka.

Mchangiaji wa pili:
Mimi niliagizwa na mshauri wangu kuandika wazo la kujidharau palepale linaponijia, katika karatasi yenye safu za tukio, nilichojiambia, ushahidi wa kuliunga mkono na ushahidi wa kulipinga. Safu ya mwisho niliiacha tupu, naye hakunijazia. Aliniuliza ningemjibu nini rafiki ambaye angeniletea karatasi hiyo, kisha akaniomba niisome kwa sauti. Niliona haya, maana maneno yale nisingethubutu kumwambia mtu mwingine yeyote.

Mchangiaji wa tatu:
Hofu hii umemweleza mshauri wako? Akiishia kurudia "jikubali" bila kukuonyesha njia, una haki ya kuuliza mpango wake wa tiba na, ikibidi, kutafuta mwingine.

Mleta mada:
Nawashukuru. Sijamweleza, ila kikao kijacho nitamsomea nilichoandika hapa. Nilichelea kwamba angeniona mgumu kuliko wateja wake wengine.