Eti “mpelekeni nyumbani mkamsubirie”! Huyu wa dirisha la dawa nani kamruhusu kuongea na wagonjwa?

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye daladala, hasira imenikaba hapa kooni. “Mpelekeni nyumbani mkamsubirie.” Ndivyo tulivyoambiwa leo. Kwa sauti! Mama mkubwa yupo pale pale kwenye kiti cha magurudumu, masikio yake yote mawili yanafanya kazi.

Hospitali siitaji na mtu simtaji. Wana Mbeya mnamjua: yule anayehudumia watu macho yakiwa kwenye simu. Ukifika pale mzima, unatoka na presha.

Mama mkubwa ana saratani ya mlango wa kizazi. Alipigwa mionzi Ocean Road, ile hospitali ya saratani ya Dar, akarudi na karatasi iliyoandikwa vizuri kabisa: mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, kila baada ya saa nne, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini inafunga tumbo. Chupa ilipokuwepo alikuwa anakaa barazani, anachambua maharage na kutugombeza wote. Ilipokwisha, usiku anang'ata kanga ili wajukuu wasisikie. Tukasema twende hapa karibu, karatasi ipo, kazi yao ni kutujazia chupa tu.

Jamaa akasoma, akauliza, “Hii si dawa ya mateja?” Akasukuma Panadol. Panadol, kwa saratani iliyoshafika kwenye nyonga! Hata ammezeshe bohari nzima! Dada yangu akaomba basi tuonane na daktari, ndipo likatoka lile neno: “Huyu hana tiba hapa. Mpelekeni nyumbani mkamsubirie.” Tumsubirie nini? Yeye ni basi la Tunduma?

Mama mkubwa alikaa kimya mpaka getini. Akauliza, “Wamesema mnisubirie nini?” Haya, nani wa kumjibu?

Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, na sisi tumo, zilikubaliana tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa mkubwa, iingizwe kwenye mfumo wa afya ngazi zote, hadi majumbani. Kumtuliza mgonjwa maumivu NI TIBA, na inaanza siku anapopewa majibu ya ugonjwa, si siku ya kununua sanda. Mofini yenyewe ni unga unakorogwa na maji! Uganda manesi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika tangu 2004. Sisi hospitali ina vigae mpaka chooni, halafu tukamsubirie. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Mnataka tumpakie basi mgonjwa wa nyonga, ashuke mlima Kitonga na zile kona zake, kufuata chupa?

MKAMSUBIRIE!

Kijana wa Mafiati: Pole sana mkuu. Huyo jamaa namjua. Mimi nilimpelekea mtoto ana homa, akaniuliza mbona nimekuja mapema. Mapema! Saa nne asubuhi!

Tukuyu Mvua: Umeandika gazeti zima. Huo muda ungeenda kwa mganga mfawidhi ungeshapata chupa yako.

Mwanzisha uzi: @Tukuyu Mvua, mganga mfawidhi yupo semina. Yupo semina tangu mbuyu haujaota. Na hata angekuwepo, lile neno ameshalisikia mgonjwa, nani atalitoa masikioni mwake?

Nesi wa Makete: Nifafanue kidogo, nipo kwenye fani. Mofini inadhibitiwa kisheria. Inakaa kabatini na kufuli, kila mililita inaandikwa kwenye daftari, ikipungua unajieleza. Kwa hiyo wengine wanaogopa hata kuiagiza, na anayeumia ni mgonjwa. Ila anayepewa kulingana na maumivu yake ni nadra sana kugeuka teja, hofu hiyo imetiwa chumvi. Na hata kama stoo haina, unampigia mwenzako wa hospitali nyingine ulizie, unamwandikia mgonjwa rufaa. Humwambii ndugu yake vile, tena mbele yake.

Mwanzisha uzi: Ubarikiwe dada. Mmeona? Simu angepiga! Ile ile aliyokuwa anaperuzi!

Mnyalukolo: Kamwene. Kwani uongo? Ugonjwa ukifika huko hospitali ifanye nini? Vitanda vyenyewe wodini wanalala wawili wawili.

Nesi wa Makete: @Mnyalukolo, hakuna aliyeomba kitanda. Ameomba dawa akanywe kwake. Mgonjwa akitulizwa maumivu nyumbani, kitanda kinabaki kwa mwingine. Hata hesabu tu inakukataa.

Mama Chai Rungwe: Afadhali wewe umejibiwa. Sisi kadi ya bima imegoma, tumezungushwa madirisha yote mpaka mlinzi akatuzoea. Halafu bajaji pale getini, kwenda Mwanjelwa tu wanataka elfu tano. Hilo nalo lina sera?

Dereva Bajaji 86: Mama, mafuta unanunua wewe? Foleni ya Mafiati unakaa wewe? Tusitukanane.

Mwanzisha uzi: Wakuu, mada ni mofini. Mama mkubwa analia huku ndani. Nani anajua inapopatikana usiku huu?

Nesi wa Makete: Njoo kwenye ujumbe binafsi mkuu. Piga picha ile karatasi, ioneshe dozi na muhuri.

Viazi Njombe: Nyie mnalilia bajaji ya elfu tano. Njooni shambani kwangu muone lumbesa. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, mnunuzi anakuja na gunia lake, anashonea kichwa juu, analipa bei ya gunia moja!

Mnyalukolo: Hapo kwenye lumbesa ndipo umenigusa. Mafinga huku hata vitunguu wanafanya hivyo hivyo.

Tukuyu Mvua: Mnauza wenyewe kwa hiari halafu mnalia. Kataeni.

Viazi Njombe: Nikatae viozee shambani? Wewe umeshawahi kulima kitu zaidi ya maneno?

Dereva Bajaji 86: Wa lumbesa fungueni uzi wenu bwana.

Viazi Njombe: Sifungui. Nitajie mizani yenu inapimia wapi kwanza.