Skrini za kugusa kwenye ndege: nani aliwaambia vidole vya rubani vina macho?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Narusha ndege ndogo ya injini moja, Songwe–Iringa na kurudi. Mwajiri (simtaji, ugali wangu uko kwake) ametufungia skrini mpya za kugusa, vitufe vya kuzungusha vikang'olewa. Kamebaki kamoja pembeni, kamebebeshwa kazi za watano.

Juzi mchana natoka Iringa, juu ya milima ya Uporoto, joto la Oktoba, ndege inarukaruka kama bajaji kwenye makorongo. Nataka kubadili frikwensi ya redio niongee na mnara wa Songwe. Nanyoosha kidole, ndege inadondoka, kidole kinatua kwenye namba ya jirani. Nafuta. Nagusa tena: imeingia, haijaingia? Kioo kimya. Ikabidi niinamishe kichwa nitazame, na mlima uko mbele. Mara ya tatu ndiyo ikakubali. Kwa kitufe cha zamani ningezungusha tak, tak, tak, vidole vinahesabu, macho yako nje.

Simu yangu ya laki mbili ukiigusa inatetema. Kioo cha mamilioni, wapi!

Fundi kaniambia eti toleo lijalo litatetema. Kaka, ndege nzima ikitikisika, huo mtetemo wa simu nitausikia saa ngapi? Linatakiwa pigo moja kali chini ya kidole, na kioo kisikubali kitu mpaka nikibonyeze kwa nguvu, siyo kukipapasa tu. Hata hapo, mtetemo unaniambia nimeshabonyeza. Kitufe kinaniambia kidole kiko wapi kabla sijabonyeza.

Na haya siyo mageni. Vita ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani wa ndege za mabomu za B-17 walikuwa wakitua wanakunja magurudumu badala ya flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa), maana swichi zilifanana na zilikaa jirani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akabandika kigurudumu cha mpira kwenye moja, kibawa kwenye nyingine. Mpaka leo mkono wa magurudumu una umbo la gurudumu! Mwaka 2017 manowari yao John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia 10 wakafa, na uchunguzi ukazitaja skrini za kugusa za usukani. 2019 jeshi lao la maji likatangaza kurudisha mikono ya kushika. Tena hiyo ni meli, hairukiruki.

Nimeomba nirudishiwe vitufe viwili tu, cha frikwensi na cha altimita (kipimo cha urefu wa kwenda juu). Nimejibiwa mimi ni mzee wa analojia.

Nina miaka 34.