Mmekata tamthilia kabla ya kengele ya pili, halafu mnaiita ya wazinzi!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaficha.

Tangu wiki iliyopita kuna kipande cha video kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, picha nyeusi na nyeupe. Mzungu wa suti, begi la kazini mkononi, anambusu mkewe shavuni na kumuuliza kwa upole: mpenzi wako anakuja leo? Mke anaguna kukubali. Saa ngapi? Saa tisa. Hapo DJ anayetafsiri anapaza sauti kwamba wenzetu wameruhusu michepuko tangu zamani. Kipande kimeishia hapo.

DJ, kwa nini umekata hapo? Hiyo ni The Lover, tamthilia ya mwandishi Mwingereza Harold Pinter, iliyorushwa na kampuni ya Associated-Rediffusion kwenye televisheni ya ITV ya Uingereza tarehe 28 Machi 1963. Wanaocheza ni Alan Badel na Vivien Merchant, ambaye wakati huo alikuwa mke wa Pinter. Ungeiacha iendelee, watu wangesikia kengele ya mlango. Kila mtazamaji anajua sasa ndo huyo kafika, kumbe ni muuza maziwa, anambembeleza mama wa watu anunue krimu, eti jirani kachukua tatu. Anakataliwa, anaondoka. Kengele inalia tena. Mke anafungua, anamkaribisha "Max", na anayeingia ni MUME WAKE! Hana tai, kavaa jaketi la ngozi laini. Mchepuko ni yeye mwenyewe. Wameoana miaka kumi, na kila alasiri ya miadi wanaigiziana kuwa watu wengine.

Halafu viatu, jamani. Jioni moja mume karudi kazini, wanaongea mambo ya kawaida, mara anamwangalia mkewe miguuni. Kavaa viatu vya visigino virefu. Mume anauliza viatu gani hivyo. Mke anashtuka, anaomba radhi, anaenda kuvaa vya chini. Ukiangalia mara ya kwanza unaona fumanizi. Ukirudia, ukiwa unajua, unaona mwanamke aliyesahau kuvua vazi la mchezo, na mume anayeogopa kwamba alasiri imevuka mpaka na kuingia usiku. Mwishoni mume huyo huyo anakataza mpenzi asije tena nyumbani, ampeleke mashambani, mtaroni, jalalani huko! Kisha anatoa kabatini kile kingoma wanachokichezea alasiri, na yeye bado yuko ndani ya suti. Mimi sijawahi kuona wivu wa mtu juu ya nafsi yake ukionyeshwa hivyo.

Na hao wanaosema "Wazungu ndivyo walivyo", mwaka 1963? Uingereza ilikuwa na chaneli mbili tu. Kupata talaka ilibidi uthibitishe kosa, na mume aliyeridhia mkewe azini aliweza kunyimwa talaka kwa sababu hiyo hiyo. Siku sita kabla ya tamthilia kurushwa, waziri wa vita, John Profumo, alisimama bungeni kukana uhusiano wa nje ya ndoa na msichana aitwaye Christine Keeler; Juni akakiri kuwa alidanganya, akajiuzulu. Swali la yule mume liliingia sebuleni kwa watu wa nchi hiyo. Pinter aliwatega makusudi wahukumu mapema, halafu akawaonyesha walichokuwa wanakihukumu. Kazi hiyo ikapata tuzo ya Prix Italia mwaka huo huo.

Kinachoniuma zaidi: nina kikundi kidogo cha maigizo hapa mtaani, watu saba. Tulishaanza kuisoma, nimetafsiri kurasa kumi na nne kwa mkono, usiku baada ya kazi. Dada aliyepewa nafasi ya mke ana kipaji ambacho sijakiona miaka mingi. Juzi mumewe kanitumia kipande hicho hicho na maneno manne: mke wangu haji tena. Nimempigia, hapokei. Wawili wengine wamejitoa.

DJ, kama unapita humu, weka video nzima. Usitafsiri hata neno ukipenda, ila ifike kengele ya pili. Na wewe shemeji, nakuomba kwa heshima zote, njoo naye Jumamosi saa kumi. Kaa kiti cha mbele, angalia mpaka mwisho, halafu ndipo uniambie kama bado unamkatalia.